Dokta, damu yetu ilikwenda wapi?

Aliyekulia vijiji vya Muheza, mkoani Tanga, hana haja ya kuelezwa watafiti ni watu gani. Ni watu wa gari jeupe, kisanduku cha barafu na fomu. Tangu tuko shule ya msingi walikuwa wakija. Tunapangwa mstari, tunatobolewa kidole, tone moja linapakwa kwenye kioo, jingine linadondoshewa kwenye kipande cha karatasi nyeupe, tunapewa biskuti au sabuni, gari linaondoka. Usiku bibi zetu wanatutisha kwa mumiani. Wa huko Amani, kwenye milima ya Usambara, ndio hawashangai kabisa, maana kule juu Wajerumani walianzisha taasisi ya baiolojia na kilimo mwaka 1902, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza wakaupeleka huko utafiti wa malaria. Babu yangu mzaa baba aliwaita wote, weupe kwa weusi, jina moja tu: watu wa mbu.

Kwa hiyo niliposikia, Juni 2018, kwamba chuo kikuu kimoja cha tiba kinaleta wahadhiri wake kuzungumza na wananchi juu ya sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi uitwao pia selimundu, sikwenda kwa kiu ya elimu. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nakodisha muziki. Spika mbili kubwa, mikisa, maikrofoni mbili ambazo moja inakatakata, na jenereta la akiba. Harusi za baada ya Idd zilikuwa zimejaa, lakini Jumanne haina harusi.

Ilikuwa tarehe 19, Siku ya Selimundu Duniani. Ilikuwa pia siku ya Senegal na Poland kwenye Kombe la Dunia, saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, na Muheza nzima ilijua hilo la pili tu. Gari la matangazo lilisema mhadhara ni saa nane. Saa nane ukumbini nilikuwamo mimi, viti vya plastiki na kuku wawili wa jirani. Watu walianza kuingia saa kumi jua lilipopoa, akina mama wengi, watoto bado wamevalishwa nguo za Idd, na wazee wa msikitini waliokaa nyuma karibu na mlango ili adhana isiwapite. Dada yangu alikuja na mwanawe wa miaka sita. Alikaa mstari wa tatu. Mama mkwe wake naye alikuja, akakaa upande wa pili kabisa.

Hapo lazima nieleze. Mtoto wa dada ana sikoseli. Tangu ana miezi minane vidole vilikuwa vinamvimba, analia usiku mpaka sauti inakauka, macho manjano. Kabla hajapimwa alipita kwa waganga wote unaoweza kuwataja. Alipopimwa, kwa mume wakakaa kikao, wakaamua ugonjwa umetoka kwetu, tena upande wa mama yetu, Msambaa wa Lushoto. "Ugonjwa wa milimani," walisema, "bondeni kwetu haujawahi kuonekana." Dada akarudishwa nyumbani na sanduku lake. Shemeji yangu si mtu mbaya, lakini mbele ya mama yake hana kauli.

Dokta aliyekuja kuzungumza alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, kilemba cha kitenge, sauti ya chini mno kwa maikrofoni zangu. Walileta projekta, wakatundika shuka jeupe, wakaanza kuonyesha picha. Jua la saa kumi lilikuwa linaingia madirishani moja kwa moja, na ukumbi ule haujawahi kuwa na mapazia. Kwenye shuka hakukuonekana kitu ila kivuli cha nondo. Kijana wake akahangaika na nyaya, mimi nikahangaika na kijana. Dokta akatutazama, akasema, "Zimeni hiyo." Akatoa noti, akamtuma mtoto dukani alete machungwa mawili, ndimu mbili na mifuko miwili myeusi ya rambo. Nani akose machungwa Muheza mwezi wa sita?

Akaita mwanamume mmoja na mwanamke mmoja kutoka kwenye watu, wasio mke na mume, akasisitiza hilo mpaka watu wakacheka. Kila mmoja akapewa mfuko wenye chungwa moja na ndimu moja. Akaeleza kwamba himoglobini, ile inayobeba hewa kwenye damu na kuipa wekundu wake, inatengenezwa kwa maelekezo mawili, moja la baba na moja la mama. Chungwa ni maelekezo mazima. Ndimu ni yale yenye kasoro moja ndogo, na zinazotokana nayo ni chembe nyekundu zinazojipinda kama mundu zikikosa hewa, zinakwama kwenye mishipa midogo, ndiyo yale maumivu. Mwenye chungwa na ndimu haumwi, anatembea maisha yake yote bila kujua. Mtoto huchukua tunda moja kwa kila mzazi, na hachagui.

"Haya, zaeni."

Wakafumba macho, wakaingiza mikono. Mara ya kwanza chungwa kwa chungwa, makofi. Wakarudisha. Mara ya pili ndimu kwa ndimu. Ukumbi ukatulia. Wakarudisha, wakachanganya. Ndimu kwa ndimu tena. Mama mmoja akasema "Astaghfirullah" kwa sauti, na yule mwanamume mwenye mfuko akaanza kujitetea kwamba hakuchungulia.

"Nani mwenye kosa?" Dokta akauliza.

Hakuna aliyejibu. Akaendelea polepole. Wazazi wote wawili wakiwa na chungwa na ndimu, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mgonjwa, mbili kati ya nne ya kupata mbebaji kama wao, na moja kati ya nne ya kupata asiye na ndimu kabisa. Kila mimba inaanza upya. Aliyeumwa wa kwanza hamkingi wa pili. Na ndimu moja peke yake haimpi mtoto ugonjwa huu, lazima itoke na kwa mwingine. Alisema Tanzania wanazaliwa kwa makadirio watoto 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Sikutaka kumtazama mama mkwe wa dada, nikamtazama. Alikuwa anazikodolea macho zile ndimu.

Mwanamume wa mstari wa mbele akanyosha mkono, akasema lile lile: kwao hakuna, huu ni ugonjwa wa watu wa milimani. Wengi walitikisa vichwa kumkubalia. Dokta akaomba ubao. Akachora pwani, akachora bonde la Muheza, akachora milima ya Usambara. Halafu akasimulia habari ya Anthony Allison, daktari Mwingereza aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 Allison alichukua damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta kuna watu ambao zaidi ya mmoja kati ya watano wana ndimu. Kwenye nyanda za juu hawakufika hata mmoja kati ya mia. Akajiuliza, ni nini kipo pwani na ziwani ambacho milimani hakipo?

"Mbu," akasema mtoto mdogo, mbele ya watu wazima wote.

Ndiyo hivyo. Mwaka 1954 Allison alichapisha kwamba mwenye ndimu moja anakingwa na malaria kali. Mahali penye malaria nyingi ndimu moja iliwaokoa watoto wengi wasife, wakakua, wakazaa, wakairithisha. Mahali pa baridi haikuwa na kazi. Dokta akaeleza na baridi inavyofanya: kimelea cha malaria lazima kikomae ndani ya mbu kwa siku kadhaa kabla mbu huyo hajaweza kuambukiza mtu, na joto likiteremka chini ya nyuzi 18 hivi, kinachelewa mno mpaka mbu anakufa kabla yake. Akaweka chaki Lushoto, akaiteremsha mpaka Muheza. "Sasa niambieni nyie, ndimu nyingi ziko wapi?"

Dada yangu alicheka. Si kicheko cha kumcheka mtu, lakini mama mkwe alikisikia na mimi nilikisikia kwenye hedifoni zangu. Haki lazima isemwe: baba yetu ni wa hapa hapa Muheza, kwa hiyo ndimu ya kwetu, ukifuata ubao ule, ina uwezekano mkubwa ni ya upande wake. Miaka yote mama yetu alikuwa amebebeshwa kesi ya watu wengine.

Dokta alisahihisha jambo moja ambalo wengi walikuwa wamelibeba vibaya, hata baadhi ya wauguzi: kinga ile ni ya mwenye ndimu moja. Mwenye mbili hana kinga hiyo, na malaria ikimpata yeye ni hatari mno, damu yake inakwisha upesi. Alale kwenye neti kila siku. Anywe maji mengi, asipigwe baridi, apewe foliki asidi, na akiwa chini ya miaka mitano apewe penisilini kila siku. Dada akauliza juu ya dawa iitwayo haidroksiyurea. Dokta alisema inasaidia sana, inapunguza maumivu, na akakiri kwamba wakati ule ilikuwa ngumu kuipata na bei yake si ya watu wengi waliokaa pale. Sikupenda jibu, ila nilipenda kwamba hakulipamba.

Kazi yangu wakati wa maswali ilikuwa kutembeza ile maikrofoni nzima. Nikampa mzee mmoja wa Mkanyageni, kofia ya kiua, mkongojo. Aliikamata kichwani, kidole gumba kimeziba nyavu, nikaogopa itapiga filimbi. Hakuuliza kuhusu sikoseli.

"Dokta, mimi nimetobolewa na watu wa mbu tangu nywele nyeusi. Wanangu wametobolewa. Wajukuu wametobolewa. Damu yetu ilikwenda wapi? Na majibu yako wapi?"

Makofi yaliyopigwa hapo hayakupigwa kwa machungwa. Dokta alianza na maneno ya taratibu na vibali, akafika katikati ya sentensi, akaiacha. Akavuta kiti, akakaa usawa wa mzee. Akaeleza tone la kwenye kioo linavyopakwa dawa ya rangi, mtu anakaa kwenye darubini anahesabu vimelea kimoja kimoja. Tone la kwenye karatasi hukaushwa, humo hutolewa vinasaba. Nyingine hutupwa kazi ikiisha, nyingine hutunzwa kwenye majokofu yenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Hakuna anayeinunua.

"Majibu," mzee akasema. Maikrofoni hakuiachia.

"Yameandikwa kwenye majarida. Kwa Kiingereza."

"Mimi nasoma Kiswahili na Kiarabu."

Watu walicheka, Dokta hakucheka. Alirudi ubaoni akaanza kumpa majibu yake pale pale. Kwamba vijiji vya Usambara vilipimwa kutoka bondeni mpaka kileleni, na damu za watoto wake ndizo zilizoonyesha vimelea vinavyopungua kadiri unavyopanda. Kwamba Korogwe, jirani zetu, ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria kwa watoto zaidi ya 15,000. Kwamba chanjo hiyo ilikinga kwa sehemu, si kwa ukamilifu. Mzee alisikiliza kichwa kimeinama, mara anauliza, mara anakataa, na kila akimaliza nanyosha mkono nichukue maikrofoni ananisukuma.

Saa kumi na mbili ilipita. Nilitazamia vijana watoke, kwa kuwa kibanda umiza, cha kuonyeshea mpira, kiko ukuta wa pili, lakini wachache tu ndio waliotoka. Tulikuwa bado na watu wa kumsikiliza mzee zilipopasuka kelele za goli. Dokta akanyamaza, akauliza kwenye spika zangu, "Nani kafunga?" Sauti kutoka dirishani ikajibu Mpoland kajifunga mwenyewe. Akasema alhamdulillahi, akaendelea.

Nje walikuwa wameweka meza ya vipimo. Nilipanga mstari nikiwa bado na nyaya shingoni, na majibu yalipokuja yalisema nina ndimu moja. Mama mkwe wa dada alipima pia. Hakumwambia mtu majibu, na sisi hatukumwuliza. Ila kabla Septemba haijaisha shemeji alikuja kumchukua mkewe, kapima, yeye naye mbebaji. Baba yangu alimkaribisha pilau na akampa maneno makali kabla ya pilau.

Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza chanjo ile ile itumike kwa watoto wa Afrika, nilikuwa Mkanyageni kwa msiba. Nikapita kwa yule mzee, nikamsomea habari kwenye simu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Korogwe wametajwa?"

Nikapitia tena. Hawakutajwa.

"Basi kawaambie mwenyewe. Wewe si una spika?"