Nilivyochagua na kufunga plagi za IST yangu hapa Dodoma

Gari yangu ni Toyota IST, injini 1NZ, ile ya cc 1500. Kazi yake kubwa ni Nkuhungu mpaka Mtumba kazini, na nikipata nafasi naenda nayo Manyoni kwa mama. Ilianza kumisi, yaani silinda inaruka bila kuwaka, kwenye kile kipandisho cha baada ya Kintinku njia ya Manyoni, unakanyaga mafuta inakuwa kama kuna mtu kaishikilia nyuma, inashtuka shtuka, halafu ukisimama ikiwa inanguruma tu usukani unatetemeka, na taa ya injini ikawaka.

Sikukimbilia kununua plagi (zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta), maana kumisi kunaletwa na vitu vingi, inaweza kuwa plagi, koili (inayoipa plagi umeme), nozeli (inayopuliza mafuta), hata hewa inayoingia pasipotakiwa. Jirani yangu ana kale kamashine ka kusoma kodi (namba za hitilafu kwenye kompyuta ya gari), akanipimia ikaja P0302. Hizo za P0301 mpaka P0304 ni za kumisi na tarakimu ya mwisho ndio silinda, kwa hiyo yangu ni silinda ya 2, unahesabu kuanzia upande wa mikanda. Kwenye 1NZ kila plagi ina koili yake juu, imeshikwa na bolti moja ya spana 10, basi nikachukua koili ya 2 nikaiweka 4 na ya 4 nikaileta 2, tukafuta kodi, nikazunguka mpaka Kizota na kurudi. Ikaja P0302 ileile. Ingekuwa koili ni mbovu tatizo lingehamia 4, yaani P0304. Hiki kipimo hakina gharama na kinakuokoa usiuziwe koili bure, tafadhali kifanyeni kabla ya kutoa hela yoyote.

Nikazitoa plagi nikazipanga kwa mpangilio wa silinda. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, hiyo ni salama, ila zimelika, nafasi ya pale cheche inaporuka imepanuka kuliko inavyotakiwa. Ya silinda ya 2 ndio ilikuwa imelika zaidi, na kauri yake nyeupe ina ufa mwembamba, moto ulikuwa unapita pembeni badala ya kuruka kwenye ncha.

Sasa kuchagua, na hapa ndio watu wengi wanapotezwa. Kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani ila namba za plagi zimeandikwa kwa herufi hizi hizi zetu, na zilikuwa zilezile zilizokuwa kwenye plagi nilizotoa: Denso K16R-U11. Kwa NGK inayolingana nayo ni BKR5EYA-11. Hiyo 16 ni kiwango cha joto, R maana yake ina rezista (kizuizi cha umeme) ndani, na 11 ya mwisho ni nafasi ya milimita 1.1.

Dukani muuzaji akaniambia, "Dada Dodoma hii joto kali, chukua K20, hiyo haichemki." Nikamwambia hapana kaka, nipe 16. Kwa Denso na NGK namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, yaani inapoteza joto haraka, na ncha ya plagi inatakiwa ivuke nyuzi kama 450 hivi ndio iweze kujichoma masizi yenyewe. Mimi safari zangu nyingi ni fupi za mjini, plagi ya baridi ingejaa masizi mapema. Waliotengeneza injini wameshapiga hesabu ya joto, jua la nje halibadilishi hiyo hesabu.

Akanionyesha na za iridiamu. Ni nzuri na zinadumu sana, zinaweza kufika kilomita 100,000 wakati hizi za kawaida ni kama 20,000, lakini ndizo zinazoigwa sana, na mimi afadhali K16 orijino kuliko iridiamu feki. Niliingia na maltimita yangu (kipima umeme) dukani. Unagusa kichwa cha juu na ncha ya katikati kule chini, plagi yenye R inatakiwa isome kama kiloomu 5, ikisoma sifuri kabisa ujue haina rezista, iache hapo hapo. Angalia pia maandishi kwenye kauri yasiwe yanafutika kwa kidole, na ile washa (pete ya chuma) haitakiwi kuchomoka kirahisi.

Kufunga nilifanya asubuhi injini ikiwa imepoa kabisa, kichwa cha injini ni cha aluminiamu na nyuzi zake za kukazia plagi zinaharibika ukilazimisha ikiwa moto. Vumbi letu la Dodoma linajaa kwenye vile visima vya plagi, kwa hiyo unalegeza plagi kidogo, unapuliza kwa upepo wa nguvu, ndio unaichomoa, la sivyo mchanga wote unadondokea ndani ya silinda. Spana ni boksi ndefu ya 16 yenye mpira ndani. Nafasi nilipima kwa fila (vibamba vyembamba vya kupimia), zote zilikuwa 1.1 sawasawa.

Kuingiza usianze na spana. Mimi natumia kipande cha mpira wa kupitishia mafuta, nachomeka kichwa cha plagi kwenye mpira naizungusha kwa vidole, ikiingia vibaya mpira unateleza wenyewe na nyuzi zinapona. Ikifika mwisho kwa mkono ndio unaweka spana, kwa plagi mpya yenye washa ni nusu mzunguko hadi theluthi mbili, basi, ukiwa na spana ya toku (inayopima nguvu ya kukaza) kwa 1NZ ni kama Nm 18. Grisi kwenye nyuzi sipaki, plagi zimeshapakwa kinga kiwandani na grisi inafanya ukaze kupita kiasi.

Nikarudisha koili, kodi ikafutwa, injini ikatulia palepale. Kile kipandisho cha Manyoni nimeshakipanda tena imejaa mizigo, haimisi na taa haijarudi.

Shemeji yangu wa Kondoa ana Harrier ya V6 ameshaniomba nimfungie na yeye, huyo nimemwambia atafute fundi, plagi 3 za nyuma zimejificha chini ya manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa) na mikono yangu haifiki, ila namba ya plagi na maltimita nitaenda naye mwenyewe dukani.