Furu wa Makobe wabaki wa Makobe

Wanaoanza kufuga furu, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, huniuliza wachanganye aina ngapi ili tangi lipendeze. Jibu langu ni moja, hata mtu akikunja uso: aina moja, tena kutoka mahali pamoja.

Mimi nafuga Pundamilia nyererei, furu aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Ukoo wa hawa wangu ni wa Makobe, kisiwa cha ziwa hilo. Dume akikomaa mgongo huwaka wekundu, ubavu huwa wa manjano wenye milia myeusi, na pezi la chini, karibu na mkia, hutoka vidoa vya rangi ya chungwa mithili ya mayai. Jike ana ukijivu uliofifia. Mweke kando ya jike wa Pundamilia pundamilia, yule ambaye dume wake ni wa bluu, hata mimi nitasita kuwatofautisha.

Na hao wawili wakizaana, watoto wanakuwa wazima na wanaendeleza kizazi. Ziwani kinachowatenganisha ni jicho la jike, maana huchagua dume kwa rangi. Makobe maji ni maangavu, kwa hiyo wekundu na wa bluu kila mtu na wake. Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza, maji ni machafu kiasi kwamba rangi hazisomeki, na samaki wa pale wamebaki wa katikati, si wekundu si bluu. Sangara tunamlaumu, na anastahili: aliingizwa miaka ya 1950, akafurika miaka ya 1980, na aina nyingi mno za furu zikatoweka. Lakini mbolea na maji taka yanayolisha mwani na kutia maji ukungu yanapoteza aina nyingine kimyakimya, na hilo halisemwi vya kutosha.

Tangi la mchanganyiko linafanya yaleyale.

Jike akishataga huyaokota mayai na kuyaatamia mdomoni. Utamjua: koo limetuna, chakula hagusi, na taya zinacheza polepole akiyageuzageuza mayai. Namhamishia tangi dogo lenye pampu ya hewa na mawe machache, namwacha atulie. Baada ya wiki mbili hadi tatu anawatema vifaranga, na ukisogeza mkono tu wote wanakimbilia tena mdomoni mwa mama. Sijachoka kulitazama hilo.

Kila tangi lina lebo: aina, kisiwa, nilikopata wazazi. Kifaranga asiyejulikana asili simgawi kwa mtu wa kuzalisha. Wala wakizidi siwamwagi ziwani. Wanaweza kupeleka ugonjwa, au damu ya kisiwa kimoja kwenye kisiwa kingine.

Kwa sasa ninao vifaranga wa kugawa. Anayewataka awe na tangi lisilo na furu wengine, na aondoke na karatasi yao ya aina na kisiwa.