Kompyuta ya mwaloni

Pale mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa kando ya ziwa jijini Mwanza, laptopu yangu ilikuwa na ratiba yake. Naiwasha, naenda kwa mama ntilie kuchukua chai na chapati mbili, narudi, kale kaduara bado kanazunguka. Wapagazi walishazoea. "Karani, imeamka?" Nawajibu imefungua jicho moja.

Mimi natunza hesabu za mfanyabiashara wa dagaa: magunia yaliyoingia kutoka visiwani, nani kakopeshwa, nani kalipa nusu, gari gani limeondoka na mzigo wa Kongo. Vyote viko kwenye Excel, ndani ya HP ya mtumba yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na diski ya zamani, ile ya kuzunguka. Ikizidi kujivuta tulikuwa tunaipeleka kwa fundi mmoja mjini, na dawa yake ilikuwa ileile kila siku: kupiga windo, yaani kuweka Windows upya. Elfu ishirini, unarudi nayo nyepesi, miezi mitatu haijaisha uko palepale. Tumepiga windo mara nne kabla sijaanza kujiuliza kama huyu anatibu au anamwogesha mgonjwa tu.

Kilichonifumbua macho ni flashi. Printa yetu ilikwisha wino, nikaenda steshenari ya jirani kuchapisha orodha ya madeni. Niliporudi na kuichomeka, kila folda imegeuka shotikati, kile kialama cha njia ya mkato. Nikabofya ya kwanza. Nikabofya ya pili. Hapo ndipo nilipojimaliza, maana kule kubofya ndiko kulikokiingiza kirusi kwenye laptopu, na tangu hapo kila flashi iliyochomekwa ilitoka na ugonjwa uleule. Bosi naye akatokea mlangoni na mteja wa Goma.

"Madeni yangu yako wapi, mwanangu?"

"Yapo, Mama. Yamejificha."

Aliniangalia kama nimemwambia sato wamepanda mlima.

Na kweli yalikuwa yamejificha. Kirusi cha aina ile hakifuti mafaili. Kinayapa alama ya kufichwa, kisha kinaweka shotikati zenye majina yaleyale ili wewe mwenyewe ukiamshe kwa kubofya. Haya nilielezwa na kijana wa jirani yetu kule Kitangiri, aliyesoma mambo ya kompyuta. Alianza na laptopu: akaikagua kwa Defender, ule ulinzi unaokuja na Windows yenyewe, kwa njia ya kukagua kabla Windows haijawaka, ili kirusi kikutwe kimelala. Ndipo akaichomeka flashi, akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ni herufi ya flashi, yako inaweza kuwa nyingine). Folda zikarudi. Nilipoona ile ya "Madeni" nilikaa chini.

Kisha akauliza swali lililoniudhi: nani aliyeizima Defender? Kwa sababu aliikuta imezimwa, ikabidi aiwashe kwanza. Kumbe fundi wetu, kila alipopiga windo, aliweka na kiprogramu cha kuifanya Windows ionekane imelipiwa, na vingi vya aina hiyo vinakudai uzime ulinzi kwanza. Yaani tulikuwa tunalipa elfu ishirini mlinzi wetu afungwe kamba. La kukera zaidi, laptopu ile ilitoka kiwandani na leseni yake humohumo ndani. Ukiweka toleo lilelile ikapata intaneti, inajithibitisha bila kuomba kitu. Hiyo ikawa mara ya tano ya kupiga windo, safari hii na yule kijana, nikiwa nimekaa pembeni naangalia.

Kuhusu kujivuta, tiba nyingine haikuwa ya programu. Alipofungua kile kifuniko cha chini, feni ilikuwa imejaa wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaokuja kama moshi na kufuata taa, wameshikana na vumbi la dagaa mpaka wamekuwa kama blanketi. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikipata joto inajipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Mimi zile kelele za feni nilidhani ni uzee. Akaifuta, akatoa diski ya kuzunguka akaweka SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, akaongeza RAM ikafika GB 8. Kama una hela ya kitu kimoja tu, anza na SSD. Siku hizi Excel inafunguka kabla sijavuta kiti.

Masasisho nayo nilikuwa nayakimbia kwa ajili ya bando. Natumia hotspoti ya simu, na Windows ikianza kushusha vitu asubuhi, bando la wiki linakwenda. Lakini kirusi WannaCry kilichofunga kompyuta dunia nzima Mei 2017 kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walikuwa wameshaliziba tangu Machi mwaka huohuo. Walioumia wengi ni wale wa "nitasasisha kesho" kama mimi. Sasa nafuata kalenda ya wavuvi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inapumzika na mwaloni unapoa. Siku hizo nanunua bando la usiku, naacha laptopu ishushe kila kitu, nanakili hesabu kwenye diski ya nje, na diski hiyo naenda nayo nyumbani.

Mjukuu wa Mama, anayekuja Jumamosi kucheza gemu, nimemfungulia akaunti yake isiyoweza kuweka programu. Hata ya kwangu ya kila siku ni ya namna hiyo. Nywila ya akaunti kuu tunaijua wawili. Mama kaiandika kwenye karatasi na kuifunga kwenye pindo la khanga. Wataalamu watanung'unika. Sijaona mdukuzi wa mtandaoni atakayelifikia pindo hilo.

Limebaki hili la Windows 10 ya laptopu yetu, iliyoachiwa mkono na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Prosesa yetu ni ya kizazi cha 6, na Windows 11 inataka Intel ya kuanzia cha 8, kwa hiyo haipandi. Nimeisajili kwenye ule mpango wa kuendelea kupata masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Mama nimeshamwambia atenge hela ya nyingine kabla ya hapo. Akajibu dagaa wapande bei kwanza.

Juzi nimekutana na yule fundi pale Mlango Mmoja. Akalalamika tumemtupa. Nikamwambia mashine haisumbui.

"Ilete tu," akasema, "nikupigie windo."