Sura Alizozitafuta Trumbull

Siku hizi jioni zangu zinaishia kwenye picha moja ya John Trumbull, mchoraji wa Marekani. Ni ile ya wajumbe waliokusanyika Philadelphia mwaka 1776: Thomas Jefferson na wenzake wanne, John Adams akiwemo, wamesimama mbele ya meza, wanamkabidhi John Hancock, aliyeongoza kikao, rasimu ya Azimio la Uhuru wa Marekani. Wengi hudhani inaonyesha utiaji saini. Sivyo. Ni kuwasilishwa kwa rasimu, tarehe 28 Juni, na watu wote waliochorwa humo hawakuwahi kuwa pamoja chumbani kwa wakati mmoja.

Lakini kilichonishika mimi ni nyuso. Trumbull aliianza picha hii kwa kipimo kidogo mwaka 1786, akiwa mgeni wa Jefferson huko Paris, na Jefferson mwenyewe akamchorea ramani ya chumba kwa kadiri alivyokikumbuka. Kisha ikaanza kazi ya miaka. Trumbull alimchora Adams akiwa London na Jefferson akiwa Paris, na aliporudi Marekani akazunguka mji hadi mji akiwaomba waliokuwa hai wakae mbele yake. Kama mtu alikwisha kufa, alitafuta picha aliyoichora mwingine. Stephen Hopkins hakuwa na picha, basi akakalishwa mwanawe anayefanana naye. Asipopata njia yoyote, alimwacha mtu nje, na ndiyo sababu kati ya watia saini 56 wamo 42 tu. Naiheshimu sana subira hii. Aliona heri pengo kuliko uso wa kubuni. Nakala kubwa, futi 12 kwa 18, ilitundikwa katika jengo la Bunge mjini Washington mwaka 1826, mwaka uleule ambao Jefferson na Adams walifariki siku moja, 4 Julai.

Sasa nimrudie Trumbull huyohuyo mwaka 1780. Yuko London, kijana bado, anamchora George Washington kwa kumbukumbu, kwa kuwa aliwahi kuwa msaidizi wake kwa muda mfupi mwanzoni mwa vita vya uhuru wa Marekani. Jenerali amesimama juu ya Mto Hudson. Nyuma yake kuna farasi, na kando ya farasi mtu Mweusi aliyevaa kilemba chekundu. Huyo huaminika kuwa William Lee, mtumwa ambaye Washington alimnunua mwaka 1768 na ambaye alikuwa ubavuni mwake vita vyote.

Nimeukuza uso wake kwenye kioo hadi rangi zikaanza kupasuka. Ni uso wa mtumishi yeyote. Kilemba chenyewe ni mtindo wa wachoraji wa Ulaya, waliozoea kuwavika hivyo watumishi Weusi. Najua Washington naye alichorwa bila kuwapo, lakini yeye anatambulika papo hapo, na baadaye alikaa tena na tena mbele ya wachoraji. Charles Willson Peale peke yake alimchora ana kwa ana mara saba. Lee hakutafutwa na mtu. Wosia wa Washington wa mwaka 1799 ulimpa yeye peke yake uhuru wa papo hapo, pamoja na dola 30 kila mwaka maisha yake yote, kwa utumishi wake wa uaminifu vitani. Kwenye karatasi alitambuliwa, kwenye turubai, la. Hili linaniuma.

Ndipo nikamfikia Joshua Johnson wa Baltimore. Alizaliwa mtumwa, akapewa uhuru mwaka 1782, na mwezi Desemba 1798 akatangaza gazetini kwamba yeye ni mchoraji aliyejifundisha mwenyewe na kwamba vikwazo vingi vilimzuia katika kujifunza. Zaidi ya picha 80 zinahesabiwa kuwa kazi yake: wafanyabiashara, manahodha, akina mama na watoto wao wamepangwa kwenye makochi yenye misumari ya shaba, kila msumari umechorwa. Karibu wote ni Wazungu, maana ndio waliokuwa na fedha za kulipia.

Karibu wote, nasema, kwa sababu katika makumbusho ya Bowdoin College, jimboni Maine, ipo picha ya mwanamume Mweusi anayedhaniwa kuwa mhubiri. Johnson amempa umakini uleule aliowapa matajiri wa mji. Watafiti wamependekeza majina, bado hawajakubaliana, na mimi nawaombea walipate.