Siku mama mkwe alipokimbia mafuriko na trei za kolache

Mama mkwe wangu kazaliwa 1919 hapo hapo Cedar Rapids, Iowa, Marekani, ila ukimsikia anapiga soga na dada zake ungesema kashuka melini jana, Kicheki mwanzo mwisho. Wazee wao walitoka Bohemia, ndo Ucheki ya leo, baba yake alifanya kazi kiwanda cha nyama cha Sinclair kama Wacheki wengi wa mji ule, na nyumba yao ilikuwa kule chini karibu na mto, jirani na 16th Avenue, ndo Czech Village yenyewe. Mimi mtu wa Tanga niliolewa na kitinda mimba wake. Akiniita holka, yaani msichana, hata nilipovuka arobaini. Watoto wangu walimwita Babi, ndo bibi kwa Kicheki, sasa mama yangu kwenye simu akawa anasikia babu, siku moja akauliza hivi huyo babu anayewapikia mikate kila Jumamosi ni nani?

Basi Juni 2008, Alhamisi tarehe 12, mume wangu yuko safari ya kazi, mto Cedar unapanda na watu wa chini wameambiwa wahame. Nikaenda kumchukua. Namkuta jikoni na aproni yake, meza nzima imejaa unga wa kolache, vile vimikate vitamu vya Kicheki, umefunikwa vitambaa.

"Mama, twende."

"Unga haujaumuka."

Nikabembeleza weee. Akanijibu kwamba 1929 alikuwa na miaka kumi, mto ulifika futi 20 na maji hayakugusa hata ngazi ya mlango wao. Kwake kesi ilishafungwa mwaka ule. Na kusema kweli hakuwa mjinga, maana futi 20 ndo ilikuwa rekodi ya mto ule, hiyo ya 1929 na nyingine ya 1851, hakuna aliyewahi kuona zaidi.

Kilichomtoa ni chupa ya jamu. Alishuka stoo ya chini kuifuata, akarudi mikono mitupu, soksi zimelowa, hakusema kitu, akaanza kubeba trei kupeleka kwenye gari. Nikamwambia tuchukue peřina. Hii peřina ni shuka nene la manyoya ya bata bukini, mama yake na shangazi zake walikaa jioni za baridi wakichambua unyoya mmoja mmoja, kama bibi yangu alivyokuwa akichambua sufi ya mito, na alikuwa anamtunzia binti yangu siku akiolewa. Akakataa, kiti cha nyuma kimejaa kolache. Tukaipandisha juu ya kabati, akaipigapiga, akasema hapo yatosha.

Njiani joto la kufa mtu na madirisha kakataza nisifungue, upepo utaharibu unga, nao kwa joto lile unaumuka tu, vitambaa vinanyanyuka nawaona kwenye kioo kama watoto wanaoamka. Tulioka kwangu mpaka saa sita usiku, za mbegu za popi, za plamu kavu. Asubuhi akanipeleka (mimi ndo dereva lakini aliyempeleka mwenzie ni yeye) kwenye shule walikohifadhiwa watu, akawa anapita kitanda kwa kitanda anagawa huku anahesabu majirani kwa majina ya familia, nani yupo nani hayupo. Aliyekosekana alimuulizia mpaka akajua yuko kwa nani. Ijumaa hiyo hiyo mto ukafika futi 31.

Tuliporuhusiwa kuingia nyumbani, tope mpaka dari, harufu sitaki hata kuikumbuka. Kabati lilielea likaanguka kifudifudi. Peřina ilikuwa chini yake, nzito kama maiti, ilibidi wanaume wawili waiburute nje. Aliitazama akasema "no jo", ndo basi tena kwao, akauliza kama kifimbo chake cha kusukumia kimeonekana. Usiku nilimsikia chumbani anaongea Kicheki peke yake, jina la mama yake nililielewa, mengine hapana.

Hakurudi tena kule, alibaki kwetu. Septemba 2016 mto ukapanda tena, ukafika futi 22, yeye ana miaka 97 yuko kwenye kiti cha magurudumu anatazama televisheni watu wanajaza mchanga. Akamgeukia binti yangu.

"Kalete hamira," akasema. "Na mwambie mama yako aandae gari."