Tulivyojipanga idarani kabla ya wanafunzi kurudi chuoni, Juni 2020

Tangazo lilitoka Alhamisi, tarehe 21 Mei 2020. Rais Magufuli alisema vyuo na kidato cha sita vifunguliwe tarehe 1 Juni, siku ya Jumatatu. Tulikuwa tumefunga tangu katikati ya Machi kwa sababu ya corona. Mimi wakati huo nilikuwa mratibu wa ratiba wa idara yetu, katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na kabla ya magharibi simu yangu ilikuwa imejaa swali moja tu: ratiba iko wapi?

Ratiba ya zamani nilikuwa nayo lakini haikufaa tena. Muhula ulikatika katikati, wiki zilizopotea zilitakiwa zifidiwe, Jumamosi haikwepeki, na darasa la mwaka wa kwanza, ambalo siku zote lilijaa mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi za ukumbi, halikuweza kubanana vile tena. Hayo ni mahesabu, na mahesabu ya saa na vyumba ukiyakalia yanatoka. Wasiwasi wangu ulikuwa kwa wenzangu. Tulikuwa tumetawanyika, wengine Kimara na Makongo, wengine walishakwenda mikoani kwa wazazi. Grupu letu la WhatsApp lilikuwa limebaki la taarifa za misiba na video za kujifukiza. Watu ambao miaka yote walikunywa chai pamoja saa nne hawakujua tena nani anaumwa, nani kafiwa, nani hana hela. Nikaamua nianze na watu, ratiba ifuate. Mpaka leo naamini ndiyo sababu muhula ule ulikwenda.

Nilipiga simu. Ujumbe ungekuwa rahisi, lakini kwenye ujumbe kila mtu ni mzima na hajambo. Nilimpigia kila mmoja, kuanzia profesa wetu mkongwe mpaka wahadhiri wasaidizi na walimu wa muda. Idi iliangukia katikati ya siku zile, ikanirahisishia: unaanza na mkono wa Idi, unauliza watoto, halafu unauliza nyumbani kukoje. Suala la vipindi nililiacha mwisho.

Jambo la kwanza lililojitokeza, na ambalo sikulisikia likizungumzwa kwenye kikao chochote rasmi, ni watoto. Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni, lakini shule za msingi zilibaki zimefungwa. Zilikuja kufunguliwa tarehe 29 Juni. Dada mmoja, mhadhiri wa miaka mingi, aliniambia, "Kaka, wa kwangu yuko darasa la pili na mwingine chekechea. Msichana wa kazi alirudi kwao Singida tangu Machi. Nikija kufundisha saa mbili, nawaachia nani?" Hakuwa peke yake. Nilipomaliza simu, karibu kila mwenye watoto wadogo alikuwa na swali hilohilo, na kila mmoja alidhani ni la kwake tu.

La pili lilikuwa hofu. Takwimu za wagonjwa upande wa Bara zilitolewa mara ya mwisho tarehe 29 Aprili, kwa hiyo kila mtu alibaki na makadirio yake. Kuna aliyeniambia ugonjwa umekwisha, na kuna ambaye hakuwa ametoka getini kwake tangu Pasaka. Profesa wetu nilipompigia na kumwamkia alinijibu moja kwa moja: "Marahaba, mwanangu. Unajua mimi na sukari tumeishi miaka mingi. Kufundisha nitafundisha. Ila ule ukumbi wa ndani usio na madirisha usinipeleke." Nilimshukuru kwa kusema wazi, maana wengine ilibidi nisikilize pumzi zao.

La tatu ni misiba. Wenzetu wawili walifiwa kipindi kile, mmoja na mama yake mzazi. Mazishi yalifanyika kijijini kwa watu wachache, na sisi idarani, ambao kwa kawaida tungekodi basi dogo tukaenda, tulituma rambirambi kwa simu na kuishia hapo.

Kwa ruhusa ya mkuu wa idara tukaitana Jumanne, nje, chini ya mwembe ulio nyuma ya jengo letu, viti vikiwa mbalimbali. Kijana mmoja, mhadhiri msaidizi mchapakazi sana, alisimama akasema tusipoteze muda kwa maongezi, wanafunzi wako njiani, ratiba kwanza. Nilimwelewa. Nikamwomba avumilie nusu saa. Nikaeleza niliyoyasikia kwenye simu bila kutaja majina, na nilipofika kwenye suala la watoto wa shule za msingi nikaona vichwa vinageuka, mtu anamtazama mwenzake kama kusema, kumbe na wewe? Baada ya hapo sikuhitaji kuongoza sana. Watu walianza kujisemea wenyewe.

Kuhusu hofu tulikubaliana tusibishane nani yuko sahihi. Kanuni tuliyoiweka ni moja: katika ofisi ya watu wawili au watatu, mwenye hofu zaidi ndiye anayeamua. Akitaka barakoa, wote mnavaa. Akitaka dirisha liwe wazi, linakuwa wazi. Ukiwa peke yako, fanya upendavyo. Hilo liliondoa mabishano ambayo yangetuchosha mpaka Agosti.

Ratiba yenyewe tuliishona kwa kubadilishana. Wenye watoto wadogo waligawanywa makundi mawili, asubuhi na alasiri, ili waliokaa mtaa mmoja wapokezane kulea; kina mama wawili wa Changanyikeni walipanga hivyo palepale mwembeni, mmoja akifundisha watoto wote wako kwa mwenzake. Profesa alipewa kipindi cha saa moja asubuhi katika ukumbi wenye madirisha pande mbili, na wanafunzi wake wa uzamili akawasimamia kwa simu na barua pepe. Darasa kubwa la mwaka wa kwanza tuliligawa mikondo miwili, maana yake mhadhiri anarudia somo lilelile mara mbili, na semina zinaongezeka. Mzigo huo nani aubebe? Hapo ndipo yule kijana aliyetaka ratiba kwanza aliponyoosha mkono, akasema atachukua mkondo wa pili hadi shule za msingi zifunguliwe. Wenye kozi za wanafunzi wachache wakachukua semina. Niliandika kila kitu kwenye daftari: nani kampa nani saa ngapi. Mkuu wa idara akasaini chini ili lisije likawa la maneno matupu, kwa sababu mzigo wa kufundisha huhesabiwa kwenye tathmini ya mwaka na sikutaka mtu aliyejitolea aonekane kana kwamba alibebwa.

Jumatano tukafungua ofisi. Mvua za masika mwaka ule zilinyesha kwelikweli, na vyumba vilikuwa havijapata hewa tangu Machi. Nilipofungua mlango wa chumba cha tasnifu harufu ya ukungu ilinipokea, na ukutani, kuanzia pembe ya sakafu, njia ya mchwa ilikuwa imepanda nyembamba, ya udongo mbichi, ikapinda kwenye mguu wa rafu na kuishia chini ya tasnifu za miaka ya tisini. Nilivuta moja: jalada gumu zima kabisa, ndani kurasa za mwanzo zimekuwa unga. Nyingi tulizikuta salama. Tulizitoa zote nje, tukazipanga juu ya meza kwenye jua, tukapiga dawa ukutani. Wahadhiri, mhudumu wa ofisi na mama anayefagia, wote tulishika ndoo. Tulifunga pia ndoo za koki kwa ajili ya maji tiririka na sabuni, moja kila mlango.

Nimtaje pia mama wa chai. Miaka yote alituuzia chai na maandazi kwenye baraza la jengo letu. Chuo kilipofungwa na biashara yake ilifungwa, na mtaji uliliwa nyumbani. Sukari ndiyo ilikuwa imeadimika nchini. Bei elekezi kwa Dar es Salaam ilikuwa shilingi 2,600 kwa kilo, na madukani tuliikuta juu ya hapo. Tukachanga, kila mtu alichonacho, tukamnunulia unga, sukari, mafuta na gesi. Wapo waliouliza inahusianaje na maandalizi ya chuo. Kwangu mimi inahusiana sana. Saa nne pale barazani ndipo mhadhiri mpya anapojulikana, ndipo unapomwona mwenzako amekonda, na ndipo mambo mengi ya idara yanapomalizwa kabla hayajafika kikaoni.

Jumamosi tulikwenda kutoa pole. Hatukwenda kundi zima. Tulikwenda wawili wawili, kwa zamu, tusiijaze nyumba. Mimi na mkuu wa idara tulifika kwa yule aliyefiwa na mama yake. Tulikaa barazani. Alitusimulia kuanzia mwanzo, homa ilivyoanza, safari ya usiku, kaburi lilivyochimbwa na watu sita. Hakuna aliyemkatiza. Mke wake alileta maji, akasimama mlangoni naye akasikiliza, nadhani mengine alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza. Tulipomkabidhi bahasha ya rambirambi, mwenzetu alisema, "Nilikuwa naiogopa Jumatatu. Nilifikiria ile korido, kila mlango mtu ananipa pole, halafu niingie darasani nifundishe. Sasa nitapita." Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Tangu siku hiyo, mtu akifiwa wakati wa likizo, tunahakikisha pole imefika nyumbani kwake kabla ya wiki ya kwanza ya masomo.

Jumapili jioni nilibandika ratiba kwenye ubao na kuituma kwa viongozi wa madarasa. Jumatatu wanafunzi waliingia na mabegi yao, wengine wametoka Kigoma na Mtwara, na profesa alikuwa ukumbini kabla yao. Marekebisho yalikuwepo: chumba kimoja kiligongana na idara jirani, na mkondo wa pili ulihitaji maiki. Tuliyamaliza katika wiki ile.

Shule za msingi zilipofunguliwa mwisho wa Juni nilikaa tena na lile daftari. Wazazi walirudishiwa vipindi vyao, lakini hakuna aliyekubali kurudi hivihivi. Yule dada wa mtoto wa darasa la pili alichukua semina zote za yule kijana mpaka mwisho wa muhula, naye kijana akapata nafasi ya kumalizia pendekezo lake la utafiti wa uzamivu. Profesa alibaki na saa moja asubuhi, na hata ratiba za muhula uliofuata hakutaka nimhamishe.