Spectrum ya Mwalimu: nilisoma bodi kabla ya kushika pasi

Mwalimu wangu wa hisabati alikuja dukani Jumamosi moja asubuhi kutoka Mikindani, na kikapu cha ukili mkononi. Nilijua si simu, maana simu yake huwa anaileta kwenye mfuko wa shati.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Leo nimekuletea mgonjwa wa siku nyingi."

Ndani ya kikapu kulikuwa na kanga, na ndani ya kanga kitu cheusi chembamba, chenye vitufe vya mpira na mistari minne ya rangi pembeni. ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani! Mashine hiyo ilitoka Uingereza mwaka 1982, ikiwa kazi ya kampuni ya Clive Sinclair pale Cambridge. Mwaka huohuo ndipo gesi ilipogunduliwa Mnazi Bay, ile inayozalisha umeme wa Mtwara, na ndio umeme ninaotumia kwenye pasi yangu ya kulehemu.

Mwalimu alienda kusoma Uingereza enzi hizo akaitumia karibu mwaka mzima, akiichomeka kwenye televisheni ya mama mwenye nyumba. Akarudi nayo Mikindani. Spectrum haina kioo chake, na hapa hapakuwa na televisheni ya kuichomeka. Matangazo ya televisheni Tanzania Bara yalianza 1994. Kwa hiyo ikakaa sandukuni. Baadaye, televisheni ilipofika nyumbani, kijana wake akaijaribu kwa chaja ya redio, ikatoa harufu, ikarudishwa sandukuni. Niliposikia habari ya chaja ya redio, nusu ya ugonjwa niliujua hapohapo. Spectrum inataka 9V zenye hasi katikati na chanya nje. Chaja nyingi tunazozijua zimepangwa kinyume chake, chanya ndiyo inakaa katikati.

Nilimwambia aniachie wiki kadhaa. Sikutaka kuigusa siku hiyo, kwa sababu Spectrum moja si sawa na nyingine. Sura ya nje ni ileile lakini bodi zimetoka kwa matoleo, kuanzia la 1 hadi la 6A, na mafundi wengi wameharibu bodi nzuri kwa kufuata mchoro wa toleo lingine. Rangi ya vitufe inasaidia kidogo: toleo la kwanza lilikuwa na vitufe vya kijivu cheupe, yaliyofuata yana kijivu chenye ubuluu. Ila makasha hubadilishwa, kwa hiyo kasha siliamini. Njia ya haraka ni kuchungulia kwenye uwazi wa nyuma, pale panapochomekwa vifaa. Ukiona bati la kupozea limelala pale nyuma, una toleo la 3 au la baadaye. Mimi sikuliona.

Nikafungua skrubu tano za chini. Kuinua kifuniko kunataka subira, kwa sababu kibodi imeunganishwa na bodi kwa tepu mbili za plastiki nyembamba, na plastiki ya miaka arobaini hukatika kama jani kavu la mwembe. Bati la kupozea lilikuwa upande wa kulia. Nikafuta vumbi na ule ukungu mweupe wa chumvi tunaoujua sisi wa pwani, maandishi yakajitokeza: Issue 2. Toleo la pili.

Hapa ndipo kusoma kuliponiokoa. Juu ya Z80, ambayo ndiyo akili ya mashine, kulikuwa na transista imening'inia hewani, miguu yake imelehemiwa moja kwa moja kwenye pini za chipu. Kwa macho ya fundi wa simu hiyo ni kazi ya mtu mchafu, na mkono wangu ulishaanza kuifuata niing'oe. Nikarudi kwenye mchoro wa saketi. Kumbe iliwekwa kiwandani! Kulikuwa na kasoro iliyohusu ULA, chipu kubwa iliyotengenezwa na kampuni ya Ferranti, na bodi zilikuwa zimeshachapwa, hivyo wakairekebisha kwa transista moja juu ya kila bodi. Ningeing'oa ningekuwa nimeongeza ugonjwa kwa mikono yangu.

Kumbukumbu nayo inasomeka kwa macho. Chipu nane za 4116 ni zile 16K (kilobaiti 16) za chini, kila Spectrum ya toleo hili inazo. Soketi nane za pembeni zikiwa tupu, mashine ni ya 16K. Za mwalimu zilijaa, kwa hiyo ni 48K. Hizo za kwenye soketi ndizo ninazozipenda kuliko kitu kingine kwenye bodi hii. Zinaitwa 4532, na kwa asili ni chipu za kilobiti 64 kila moja ambazo nusu yake ilikutwa mbovu kiwandani. Badala ya kuzitupa, ziliuzwa bei nafuu, Sinclair akatumia ile nusu nzima. Kwenye zile za kampuni ya Texas Instruments, namba inaishia na 3 au 4 kukuonyesha nusu ipi ni nzima, na bodi ina kiungo cha waya cha kuchagua. Ukibadilisha chipu hizo bila kuangalia namba ya mwisho, utatafuta kosa hadi usiku wa manane.

Sasa mita. Kila 4116 inahitaji umeme wa aina tatu: pini ya 1 ni −5V, pini ya 8 ni 12V, pini ya 9 ni 5V, na pini ya 16 ndiyo hasi ya bodi. Niliandaa chaja ya 9V, nikageuza waya zake, nikazipima mara tatu kabla ya kuchomeka. 5V zilikuwepo safi. 12V hazikufika hata nusu. Kwenye pini ya 1, sifuri. Hizo mbili zinazalishwa na koili ndogo ikishirikiana na transista TR4 na TR5, na TR4 ndiyo hufa kwanza chaja ikichomekwa kinyume. Niliitoa nikaipima: imeungua. Ni ZTX650. Niliulizia Kariakoo kupitia kijana anayenitumia vipuri kwa basi, hakuipata, nikaagiza nje. Ilichukua wiki sita. Niliagiza na ZTX213 ya TR5, maana mmoja akifa mwenzake namtilia shaka, pamoja na 4116 mbili za akiba.

Akiba ilifaa. Volti zote tatu ziliporudi, niliwasha kwenye TV ya zamani ya kichogo iliyopo dukani, nikatafuta chaneli 36 ya UHF, nikapata mistari ya wima tu. Nikapitisha kidole juu ya zile chipu nane. Saba zilikuwa vuguvugu, moja inaunguza. Niliitoa pini moja moja, nikaweka soketi ili atakayekuja baada yangu asiteseke, nikachomeka mpya. Kioo kikawa cheupe na chini yake mstari mmoja: © 1982 Sinclair Research Ltd. Mpwa wangu anayejifunza kazi hapa aliniuliza, "Mjomba, ndiyo imemaliza kuwaka?" Ndiyo. Inawaka ndani ya sekunde chache tu.

Tatizo lililobaki ni kwamba mwalimu nyumbani ana TV ya flati, na picha ya chaneli 36 ilikuwa na chenga. Ndani ya kile kiboksi cha bati kinachotoa antena, waya mbili zinaingia kutoka kwenye bodi: moja 5V, nyingine picha yenyewe. Nikaziachanisha zote mbili, ya 5V nikaifunika. Rezista iliyokuwa ikilisha jeki ya antena sikuikata, niliinua mguu mmoja tu. Kisha picha nikaipitisha kwenye kapasita ya 100µF, chanya ikielekea kwenye bodi, hadi pini ya kati ya jeki ileile. Sasa inaingia AV. Najua wapo wanaotoboa kasha kuweka jeki mpya, na mimi sikubaliani nao kabisa. Kasha hili limesafiri kutoka Uingereza hadi Mikindani bila mkwaruzo. Akitaka siku moja irudi ilivyokuwa, ni kazi ya dakika kumi.

Toleo la 2 lina visahihisho vya rangi ambavyo toleo la 3 liliviondoa. Niliweka alama ya kalamu kwenye kila kimoja kabla ya kuvizungusha. Rangi ya manjano ilihitaji kusogezwa kidogo.

Tepu ya kibodi ilikuwa imepasuka karibu kabisa na mwisho wake. Nilipunguza milimita nne kwa wembe, ikashika.

Mwalimu alikuja Jumapili baada ya misa. Alikaa kwenye kigoda changu, akavaa miwani, akabonyeza P. Neno PRINT likatokea zima, kwa kitufe kimoja, kama linavyotakiwa. Hakuangalia vitufe. Aliandika mistari miwili, 10 na 20, jina la marehemu mkewe ndani ya alama za kunukuu, akabonyeza R, yaani RUN, kisha ENTER. Jina likajaza kioo kutoka juu hadi chini, mashine ikauliza: scroll?

Alikaa kimya kitambo. Kisha akabonyeza Y, jina likaendelea kupanda.

Kanda za programu anazo nane, zimehifadhika vizuri. Tunatafuta redio ya kaseti nzima yenye tundu la spika za masikioni. Kama unayo, Mtwara mjini, Masasi au Lindi, niandikie hapa chini.